Gari linavuja oili juu ya injini? Badili gasketi ya tapeti kava mwenyewe nyumbani

Wakuu, kama ukisimamisha gari unasikia harufu ya oili inaungua, hasa ukitoka kupandisha Newala injini imeshapata moto, fungua boneti uchungulie pale tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini, inapokutana na silinda hedi (kichwa cha injini). Ukikuta pameloa na vumbi limegandia jeusi, gasketi imekufa hiyo, kuongeza oili kila wiki hakusaidii. Na ukikuta oili kwenye mashimo ya plagi ni ugonjwa huohuo, ndo maana gari linamisi.

Mimi nipo Mikindani, nina Toyota IST ya injini ya 1NZ, niliifanyia chini ya mwembe asubuhi injini ikiwa imepoa kabisa. Toa waya wa negativu wa betri, chomoa soketi za waya za koili za plagi taratibu maana vile vilipu vikizeeka vinakatika hata ukigusa tu, fungua koili zote 4 kwa soketi namba 10, toa mipira ya hewa, halafu legeza bolti za kava kidogokidogo ukianzia pembeni kuja katikati. Kava ikigoma igonge kwa mpini wa mbao, usiichokonoe na bisibisi utachubua aluminiamu na hapo itavuja milele.

Gasketi ya zamani ikitoka ikunje uone, yangu ilikuwa ngumu kama plastiki ikakatika vipande viwili mkononi.

Sasa hapa kwenye usafi ndo pa kutulia jamani. Upepo wa baharini unaleta mchanga, kwahiyo funika injini kwa kanga safi wakati unashughulika na kava. Mifereji ya kava na uso wa silinda hedi vifutwe kwa kitambaa chenye petroli kidogo mpaka vikauke kabisa, na zile ringi za mashimo ya plagi badili zote.

Silikoni (ile gundi ya kuziba ya tyubu) ni tone dogo tu kwenye kona mbili ambapo kava ya taimingi inaungana na silinda hedi, basi. Kuna fundi aliwahi kunipakia silikoni kuzunguka kava yote, ile ya ziada inamegukia ndani na inaweza kuziba chujio la pampu ya oili, ukaua injini kwa ajili ya gasketi ya bei ndogo, inauma sana.

Ukishapanga gasketi mpya kwenye mfereji wa kava na kuirudisha, kukaza anzia katikati kwenda nje, kwa mizunguko miwili mitatu, mwisho nyutoni mita 10 hivi (kipimo cha nguvu ya kukaza bolti). Ukikamua kwa nguvu gasketi inatoka kwenye mfereji au bolti inakatika.

Valvu ya PCV, ile ya kupumulia injini, nayo itoe uitikise, isipolia imeziba, badili, la sivyo presha itaisukuma oili nje tena.

Subiri silikoni ikauke kama tyubu yake inavyosema, washa dakika 10, mulika na tochi pembeni kote. Pakiwa pakavu nenda mpaka Shangani ya Mtwara urudi, umulike tena.