Jinsi ya kupanga blitzi ya kumbana kwotabeki: hesabu kwanza, mbio baadae

Hii ni ya washikaji wa Mwanza mnaokesha Jumapili na NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, afu jioni ya kesho yake mnataka tukaigize mchangani kule Malimbe. Kila anayepewa kupanga difensi, timu isiyo na mpira, anasema "twendeni wote", tunaenda wote, kwotabeki, yule mrusha pasi wao, anaunyanyua mpira juu ya vichwa vyetu, mtu wao yuko peke yake kule nyuma, tachdauni, wamefunga. Blitzi, yaani kutuma watu wa ziada wamvamie kwotabeki, siyo kujaza watu mbele jamani. Kazi yake ni kuwafanya wale wanaomlinda kwotabeki wamshike mtu ambaye haji kweli, halafu yule anayekuja kweli apite hajaguswa. Akipita mmoja tu inatosha.

Anza mezani. Okota vizibo vya soda, 11 vya aina moja na 11 vya aina nyingine, vipange. Ofensi, wenye mpira, ina watano wa laini ya mbele ambao kwa kawaida hawaruhusiwi kupokea pasi: senta katikati, anayeanzisha kwa kumpa kwotabeki mpira, gadi wawili pembeni yake, takeli wawili nje ya hao. Toa na kwotabeki, wanabaki watano wa kupokea. Sasa geukia upande wako. Ukituma watano wamkimbilie kwotabeki umebaki na sita, watano wanakaba mtu kwa mtu na sefti mmoja, mlinzi wa mwisho, anakaa nyuma kabisa. Ukituma sita, sefti wa nyuma hayupo tena, kona, yaani mkabaji wa pembeni, akipitwa imeisha hiyo. Ukituma saba kuna mpokeaji wao hana mkabaji, labda ranibeki wao, yule wa kukimbia na mpira, awe amebaki kuzuia. Ndo maana lainbeka, yule anayesimama nyuma ya laini yako, akiwa ndiye anayemkaba ranibeki unampa maelekezo haya tu: akitoka kupokea mfuate, akibaki kuzuia na wewe ingia. Hapo umeongeza mtu na nyuma hujapunguza chochote.

Pili, jua wanalindaje. Laini nyingi zinageuka pamoja upande mmoja, kila mtu anachukua pengo la pembeni yake, na ranibeki anaachiwa upande wa pili. Kwahiyo kabla mpira haujatoka mwangalie senta, nani anamnyooshea kidole, kichwa kinaelekea wapi, afu angalia ranibeki kasimama kulia au kushoto. Dalili hizo zinakuonyesha wapi kuna walinzi wengi na wapi wachache, na unataka uingilie kwa wachache. Ikibidi umkutanishe ranibeki na mtu wako mwenye mbio na nguvu, mkutanishe, maana ranibeki wengi hawapendi ile kazi.

Sasa tujenge moja, ile ninayoipenda kuliko zote. Mbele una wanne wa laini yako, nyuma yao lainbeka wawili, kona wawili, sefti wawili, na yule kona wa ndani anayemkaba mpokeaji wa katikati, tumweke kulia. Lainbeka wote wawili wasogeze mpaka puani kwa senta, mmoja kila upande wake, kwenye yale mapengo mawili yanayoitwa pengo A. Hapo umewatisha tayari, senta hawezi kuwashika wawili, gadi wanaanza kujibana ndani, kwotabeki anapiga kelele kubadilisha ulinzi. Mike Zimmer aliwasumbua watu sana na mkao huu alipokuwa kocha wa Minnesota Vikings, 2014 mpaka 2021.

Mpira ukitoka, lainbeka wa kushoto anarudi nyuma kukaba zoni, yaani eneo badala ya mtu, na mtu wako wa mwisho wa laini upande huohuo wa kushoto naye anarudi. Kulia wanaingia wote: lainbeka wa kulia, wawili wa laini, na yule kona wa ndani anatokea nje kabisa. Wa laini wa nje akate kuelekea ndani amvute takeli wao, ili kona apate barabara. Sogeza vizibo uhesabu. Kushoto kwako senta, gadi na takeli, watu watatu, wanamshughulikia mtu wako mmoja. Kulia una wanne na wao wana gadi, takeli na ranibeki. Mmoja wako lazima awe huru, na jumla umetuma watano tu, nyuma wamebaki sita, watatu karibu na laini na watatu nyuma kabisa.

Hii ya kuingiza watu wa nyuma huku wa laini wanarudi kukaba zoni, anayesifiwa kwa kuikuza ni Dick LeBeau, akiwa Cincinnati Bengals miaka ya 1980 na baadae Pittsburgh Steelers.

Lakini usisahau kitu hiki, na ndo wengi wanapochomekewa: kwotabeki kafundishwa kurusha haraka pale alipotoka anayemvamia. Kona wa ndani akiondoka, mpokeaji aliyekuwa wake anabaki wazi, na pasi inakwenda hapohapo. Sefti mmoja ashuke pale mapema, asisubiri kuona. Ukiweza kumweka mahali kwotabeki anapoamini hakuna mtu, unaokota mpira wenyewe.

Muda nao. Kwotabeki mzuri mpira unamtoka ndani ya sekunde mbili na nusu au tatu hivi, kwahiyo anayetoka mbali asijitangaze mapema kwa kuinama kama mwanariadha, ila pia asichelewe, aanze kutembea taratibu kuelekea laini akisikia sauti ya kwotabeki ya kuita mpira inapanda. Akifika asiruke, afuate mkono wenye mpira. Na wa nje kila upande asimruhusu kwotabeki kutoka nje yake.

Itumie lini? Dauni ya tatu, yaani jaribio la tatu kati ya manne ya kusogea yadi kumi, na zimebaki yadi saba au zaidi, ni sehemu nzuri, maana wanahitaji muda. Ila kama wanne wako wa mbele wanafika wenyewe, waache wafanye kazi. Super Bowl ya Februari 2008 New York Giants walimwangusha Tom Brady mara 5, presha kubwa ikitoka kwa watu wao wa laini, wakashinda 17-14 dhidi ya timu iliyokuwa haijapoteza mechi hata moja msimu ule.

Kwa sisi tunaocheza ya vitambaa kiunoni, unachomoa kitambaa badala ya kumwangusha mtu, watano kwa watano, ile itakayokuwepo Olimpiki ya Los Angeles 2028, hakuna kuzuia na anayevamia anaanzia yadi saba nyuma ya laini ya kuanzishia mpira. Hapo mchezo ni pembe ya kukimbilia. Kama kwotabeki anatumia mkono wa kulia, elekea bega lake la kulia kwa nje, akimbilie kushoto kwake, atarusha huku mwili umegeuka vibaya.

Wakianza kukujibu kwa pasi fupi za pembeni kwa ranibeki, laini yao ikiwaachia wavamizi wako wapite kirahisi mno, blitzi hiyo ipumzishe kidogo. Kaeni mkao uleule, lainbeka puani kwa senta, afu mpira ukitoka ingieni watatu tu na wanane warudi kukaba.