Nyanya ya kwenye ndoo imegeuka manjano? Usiguse yurea bado

Masika ikikolea hapa Dar es Salaam, simu za wakulima wa ndoo na viroba huwa ni zile zile: "Bwana shamba, nyanya ziligeuka manjano, nikaziwekea yurea, sasa zinakauka kabisa." Yurea imeshawekwa, ndipo mtu anauliza. Tuelewane leo, maana mara nyingi mche ule haukuwa na njaa. Ulikuwa unazama.

Mizizi ya nyanya inahitaji hewa. Udongo ukijaa maji hewa inatoka, na mizizi inashindwa kufyonza hata ile naitrojeni iliyomo tayari. Majani yanapauka kama ya mche uliokosa mbolea, na hapo ndipo mkulima anapodanganyika. Sasa fikiria unamwaga yurea, yenye naitrojeni asilimia 46, juu ya mizizi iliyodhoofika, ndani ya ndoo isiyo na matundu. Chumvi ya mbolea haina pa kutokea, inabaki pale pale na kuunguza. Kingo za majani zinakuwa kahawia, mche unalala. Anayezama haokolewi kwa kulishwa ugali.

Kwa hiyo anza na kidole. Kizamishe sentimita 5, si kugusagusa juu. Kama zimepita siku mbili tangu umwagilie au mvua inyeshe, na kidole bado kinatoka na tope, tatizo ni maji. Vivyo hivyo ukiona mche umelegea mchana na udongo wake umelowa. Wengi wakiona hivyo huongeza maji, na ndiyo wanaumalizia. Ukitaka uhakika, fukua kidogo pembeni mwa ndoo utoe uzi mmoja wa mzizi. Mzizi mzima ni mweupe na mgumu kidogo. Uliooza ni wa kahawia, unanuka, na ukiuvuta kwa kucha ganda linachomoka na kukuachia uzi mwembamba mkononi.

Dawa yake ni matundu. Ndoo ya lita 20 inataka matundu 8 chini, kila moja upana wa sentimita 1, yaani kidole kidogo. Tundu moja la msumari halitoshi, na nimeshalisema hili mpaka nimechoka. Kisha inua ndoo juu ya vipande vya tofali, kwa sababu ndoo iliyokaa bapa kwenye saruji matundu yake yameziba hata kama yapo. Kokoto mnazotandika chini hazisaidii. Maji yanasimama kwenye udongo ulio juu yake, nanyi mmepunguza nafasi ya mizizi bure. Ukishatoboa, usimwagilie mpaka zile sentimita 5 za juu zikauke, na usiweke mbolea yoyote kwa siku 14. Kumi na nne, si tatu. Majani mapya ya kileleni yakitoka ya kijani, mche umepona; ya zamani yaliyokwisha kuwa manjano usiyasubiri.

Njaa ya naitrojeni yenyewe ina sura yake: udongo una unyevu wa kawaida, na majani ya chini kabisa, yaliyo makongwe, yanapauka jani zima kwa usawa, kisha hali inapanda juu. Hapo tumia CAN, mbolea ya punje yenye naitrojeni na kalsiamu, nusu ya kizibo cha soda kwa ndoo ya lita 20, kila baada ya wiki mbili. Nusu, tena ya kusawazishwa, si ya kilima. Iweke kwa duara sentimita 10 kutoka kwenye shina, ifukie, mwagilia hapo hapo. Kinachopimwa kwa konzi ni karanga, si mbolea. Na majani mawili matatu ya chini yakipauka wakati mche umebeba matunda, huo ni uzee tu. Yakate.

Kama majani ya chini ni manjano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, mche umepungukiwa na kirutubisho cha magnesi: kijiko kimoja cha chakula cha chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi, si chumvi ya mezani) kwenye lita 4 za maji, nyunyizia majani jioni. Sura hiyo hiyo ikitokea kwenye majani machanga ya juu, ni upungufu wa chuma, na katika ndoo mara nyingi chanzo ni majivu mliyozidisha. Acheni majivu. Madoa ya kahawia yenye miduara ndani ya miduara ni bakajani tangulia, ugonjwa wa ukungu. Ng'oa majani hayo na uache kumwagia maji juu ya majani.

Rasta, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe, ni habari nyingine. Majani ya juu yanajikunja kama kikombe, kingo manjano, mche unadumaa, na ukiutikisa inzi weupe wanaruka. Hakuna mbolea wala dawa ya kuuponya. Uvike mfuko wa plastiki mche mzima asubuhi na mapema, inzi wakiwa bado wazito, ufunge chini, ndipo uung'oe. Ukiung'oa bila mfuko, inzi wote wanahamia ndoo ya jirani.