Kabla hujasaini mkataba wa wiki za likizo: namna mtu wa Dar anavyoweza kutumia pointi za hoteli

Shemeji yangu amerudi Dubai na mkataba ambao bado hajausaini. Aliambiwa ameshinda usiku wa bure hotelini, akakaribishwa chai, kisha akakalishwa hadi jioni akionyeshwa picha za mabwawa ya kuogelea. Tumekaa naye tukapiga hesabu mstari kwa mstari, na kwa kuwa maswali yake nimeshayasikia kwa wengine kazini kwangu, ambako napangia watu safari, nayaandika hapa kwa mpangilio.

Mkataba wa aina hiyo unaitwa taimsheya, yaani kulipa leo kwa likizo za miaka ijayo. Unanunua wiki fulani au pointi za klabu, na kila mwaka unalipa ada ya matunzo, uende usiende. Pointi za hoteli zinakwenda kinyume: unalala kwanza, unalipa ulicholala, halafu hoteli inakurudishia kidogo. Nimeegemea upande wa pili na sifichi.

Hatua ya 1: Igeuze bei ya mkataba iwe bei ya usiku mmoja

Muuzaji atakutajia bei ya kujiunga, atakuonyesha marejesho ya mwezi yanayoonekana madogo, na ada ya mwaka ataipitia haraka haraka. Bei ya usiku mmoja hataitaja. Itafute mwenyewe.

Tuseme kujiunga ni dola 8,000, ada ya mwaka dola 600, nawe unapata wiki moja kila mwaka. Kwa miaka 10, ada isipopanda, utalipa dola 14,000 kwa usiku 70, yaani dola 200 kwa usiku, nauli na chakula mbali. Ada ikipanda asilimia 5 kila mwaka, jumla inapita dola 15,500 na usiku unafika dola 222. Sasa ingiza maisha yenyewe humo: mwaka huu mna msiba, mwakani mtoto anaanza kidato cha tano, mwaka unaofuata kazini hawakupi ruhusa. Ukikosa miaka mitatu tu, usiku unabaki 49, fedha ni zile zile, na kila usiku umekugharimu dola 317. Kwa fedha hiyo unachagua hoteli nzuri Dubai, Nairobi au Zanzibar, tarehe unayotaka wewe, bila kuandikishana na mtu.

Muulize pia muuzaji ni nani atainunua wiki yako siku ukiichoka. Mitandaoni kuna watu wanaotangaza wiki zao kwa dola 1, ilimradi tu mtu mwingine awapokee mzigo wa ada.

Kama umeshasaini, usilale na mkataba. Waliosaini Ulaya wanalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2008: siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na muuzaji haruhusiwi kuchukua malipo ya awali ndani ya siku hizo. Afrika Kusini, aliyefuatwa na muuzaji ana siku 5 za kazi. Kwingine, tafuta kifungu cha kujitoa usiku huo huo na utume barua pepe yenye tarehe.

Hatua ya 2: Orodhesha ulikolala

Miaka miwili iliyopita inatosha. Andika mji, idadi ya usiku na nani alilipa. Safari unazozitamani ziache pembeni kwanza. Mtu ambaye safari zake zote ni Dodoma, Mwanza na kijijini kwao hahitaji kuendelea na mwongozo huu, kwa sababu hoteli nyingi za huko hazimo kwenye kampuni kubwa za hoteli zinazotoa pointi. Apatane bei na mwenye hoteli, atafaidika zaidi.

Hatua ya 3: Chagua kampuni moja kwa kufuata ramani yako

Kujiunga ni bure kote, kwa hiyo watu hujiunga na zote, wakaishia na pointi kidogo kidogo kila mahali zisizotosha hata usiku mmoja. Chagua moja ya kulelea safari zako, na nyingine ya akiba.

Kwa mtu anayekaa Dar na kuvuka kwenda Unguja kwa boti, chaguo langu ni Hyatt. Hapa mjini wana Hyatt Regency, ile ya Kilimanjaro pale Kivukoni, na Zanzibar wana Park Hyatt pale Shangani, Mji Mkongwe. Unapata pointi 5 za msingi kwa kila dola, na ukilala kwa pointi hutozwi ile ada ya ziada ambayo hoteli za mapumziko huipachika juu ya bei ya chumba. Ubaya wake ni kwamba hoteli zake Afrika ni chache.

Anayezunguka Afrika kikazi achukue Marriott Bonvoy, mpango wa pointi wa hoteli za Marriott. Posta wana Four Points by Sheraton New Africa, Arusha wana Four Points nyingine kwenye The Arusha Hotel, kuna JW Marriott Nairobi, Kigali Marriott, na hoteli za Protea kuanzia Kampala hadi Afrika Kusini. Hapo ni pointi 10 kwa dola kwenye hoteli zake nyingi. Usidanganyike kwamba 10 ni nyingi kuliko 5: usiku wa Marriott unadai pointi nyingi zaidi vilevile.

Kwa familia zinazokwenda umra, napendekeza Accor bila kusita. Fairmont, Swissôtel na Pullman ZamZam zote ziko kwenye majengo ya Abraj Al Bait, mkabala na Msikiti Mtukufu. Tena pointi zao hazina mafumbo: pointi 2,000 ni euro 40 za kupunguza bili. Ila zinakufa ukipitisha siku 365 bila kulala kwao, wakati Hyatt, Marriott na Hilton wanakupa miezi 24. Na ukienda na kikundi cha wakala, hoteli ikiwa ndani ya kifurushi, usitegemee pointi.

Kuhusu madaraja, yaani ngazi za uanachama anazopandishwa mgeni anayelala sana, kule Marriott usiku 10 kwa mwaka unakupa Silver, 25 Gold. Likija lenyewe, lipokee. Kulala usiku usiouhitaji ili upande daraja ni kurudi kule kule kwenye taimsheya kwa mlango wa nyuma.

Hatua ya 4: Fungua akaunti

Kwenye programu ya simu au tovuti ya kampuni yenyewe, dakika chache tu. Tumia barua pepe yako binafsi, usitumie ya ofisi, maana siku ukiacha kazi, pointi zitabaki nyuma ya nenosiri usiloweza kulifungua. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Sababu iko kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Hakikisha pointi zinaingia kweli

Hapa ndipo watu wengi ninaowasaidia wanapokwama, na ndipo saa nyingi za simu na barua pepe zinapopotelea.

Kwanza, mlango ulioingilia. Pointi zinakuja ukiweka nafasi kwenye tovuti ya kampuni ya hoteli, programu yake, simu yake, au hotelini kwenyewe. Ukipitia Booking.com, Expedia au tovuti nyingine za aina hiyo, usiku huo kwa kawaida hauhesabiwi, hata kama mhudumu wa mapokezi ameiandika namba yako kwa moyo mweupe. Wakala wa safari ni suala jingine: akiweka nafasi kwa bei ya kawaida ya hoteli kupitia mfumo wake wa mawakala, pointi huwa zinakuja, akinunua chumba kwa bei ya jumla, haziji. Kwa hiyo mwambie mapema, “Naomba bei inayokubali pointi,” na umpe namba yako ya uanachama aiingize. Usingoje kuulizwa.

Pili, semina na warsha. Hapa Dar usiku mwingi wa hoteli unatokana nazo. Mwandaaji akilipa bili moja ya washiriki wote, mara nyingi pointi za chumba huzioni. Ukipewa posho ukajilipia mwenyewe, weka nafasi mwenyewe kwenye tovuti ya hoteli. Uliza pia utaratibu wa mwajiri wako kuhusu pointi, na usiichagulie ofisi hoteli ya bei kubwa ili wewe upate za kwako. Fedha hiyo ni ya mradi.

Tatu, majina. Sisi tuna majina matatu, na kila mfumo unayapanga unavyojua. Kitambulisho cha taifa kinasoma Asha Juma Mwinyi, mtu anafungua akaunti kama Asha Juma kwa sababu ndivyo anavyofahamika kazini, wakala anaweka nafasi kwa jina la Mwinyi. Mfumo unaona watu wawili. Namba ya uanachama haikubali, au inakubali halafu pointi haziingii, na hakuna anayekwambia kitu. Tazama mstari wa jina la ukoo kwenye pasipoti, uunakili vile vile kwenye akaunti, na kila anayekuwekea nafasi mtumie picha ya mstari huo. Akaunti ikiwa imeshaandikwa vibaya, kuirekebisha inabidi uwaandikie huduma kwa wateja ukiambatisha kitambulisho. Fanya hivyo kabla ya safari, maana baada ya safari utakuwa unasahihisha jina na kudai pointi kwa wakati mmoja, na kesi mbili zikichanganyika kwenye barua moja majibu yanachelewa.

Nne, mapokezi. Ukifika usiulize tu, “Namba yangu ipo?” Utajibiwa, “Ipo, dada,” kwa upole, na huenda haipo. Sema, “Naomba unisomee tarakimu nne za mwisho za namba yangu ya uanachama.” Akikaa kimya akianza kubofya, ujue haikuwepo, na anaiingiza sasa hivi. Hilo ndilo ulilotaka.

Tano, karatasi ya kuondokea. Unapolipa utapewa risiti ya EFD. Itunze kwa ajili ya ofisi, lakini kwa madai ya pointi haitoshi, kwa sababu inaonyesha jumla na kodi tu. Omba bili yenye mchanganuo: jina lako, namba ya chumba, tarehe ya kuingia na kutoka, bei ya chumba kila usiku, chakula, kufua nguo, kila kitu kwenye mstari wake. Naomba itumwe kwa barua pepe hapo hapo, naifungua mbele ya kaunta, na sitoki mpaka nimeona jina na tarehe ziko sawa. Kuipata baada ya miezi miwili ni kazi nyingine kabisa. Mhasibu amebadilika zamu, mfumo umebadilishwa, kila mtu anakuelekeza kwa mwenzake.

Sita, subiri siku kumi hivi. Zisipoingia, fungua sehemu ya kudai usiku uliokosekana kwenye akaunti, jaza namba ya uthibitisho, ambatisha ile bili. Usishangae kiasi kikiwa pungufu ya ulichotegemea, maana pointi hazihesabiwi kwenye kodi. VAT unatoa wewe, pointi zake huzipati. Na ukilipa kwa shilingi, wao wanageuza kwenda dola kwanza ndipo wahesabu.

Ukisafiri na familia mkachukua vyumba zaidi ya kimoja, Marriott na Hyatt wanakuruhusu kupata pointi za hadi vyumba vitatu, mradi umelipa wewe na unalala kwenye kimoja. Sema hilo wakati wa kuingia, lisiwe jambo la kukumbushana mlangoni mkiondoka.

Hatua ya 6: Tumia pointi, usizirundike

Kampuni zinabadilisha bei za pointi zinapotaka. Marriott waliacha jedwali la bei zisizobadilika mwaka 2022, na tangu hapo usiku ule ule unapanda na kushuka kulingana na msimu. Pointi zilizokaa miaka zinapungua nguvu.

Pima hivi: chukua bei ya fedha pamoja na kodi, gawanya kwa pointi zinazodaiwa. Chumba cha shilingi 500,000 kinachodai pointi 20,000 kinakupa shilingi 25 kwa pointi. Linganisha tarehe mbili tatu. Kipindi cha masika, Machi hadi Mei, vyumba Zanzibar hushuka bei, kwa hiyo lipa fedha. Julai, Agosti na mwisho wa mwaka, bei ikiwa juu, ndipo pointi zinapofanya kazi. Marriott ukichukua usiku tano kwa pointi unalipia nne. Hilton wana utaratibu huo huo kwa wenye daraja la Silver na kuendelea.

Usinunue pointi kwa fedha labda umebakiza kidogo sana kutimiza usiku ambao umeshaupata. Na zile makala za Marekani zinazosema fungua kadi ya mkopo upate pointi laki moja, zipite. Kadi hizo hutolewa kwa wakazi wa huko.

Hatua ya 7: Kadi ya dhamana

Hata ukilala kwa pointi, mapokezi watataka kadi ya kushikilia dhamana. Kadi ya kidijitali ya kwenye simu inafaa kuweka nafasi, lakini hoteli nyingi zinataka kadi ya kushikika yenye jina lako. Ukitumia kadi ya benki inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, dhamana hiyo inaondoka kwenye salio lako na inaweza kuchukua siku nyingi kurudi, hasa ukiwa nje ya nchi. Uliza kiasi kabla hujasafiri, kiweke pembeni ya fedha za matumizi, na siku ya kuondoka omba wakuandikie kwamba wameiachia, pamoja na kumbukumbu namba ya muamala. Benki yako hapa Dar itaitaka hiyo namba.