Mnyauko wa mibuni na ukungu wa jirani: kulinda kibanja cha robusta

Mbuni wa robusta ukianza kunyauka upande mmoja na mvua bado zipo, usisubiri upande wa pili. Chukua kisu, chuna gome chini kabisa ya shina, pale linapoingia ardhini. Ukikuta mti umefanya michirizi ya buluu iliyokoza au nyeusi chini ya gome, huo ni mnyauko wa kahawa. Utaona pia majani yakigeuka njano, yakijikunja na kupukutika, na buni zikiiva kabla ya wakati na kubaki zimeng'ang'ania matawini.

Kuna magonjwa mengine yanayofanana nao kwa mbali. Bungua huacha matundu na unga wa mbao kwenye shina. Kuoza kwa mizizi kwa ukungu wa Armilaria huacha utando mweupe chini ya gome. Ukame hunyausha shamba zima, hauchagui mti mmoja katikati ya mizima. Kwa hiyo chuna gome kwanza, halafu ndipo uamue, maana ukishathibitisha mnyauko hakuna dawa. Zile dawa za kopa (shaba) za dukani zina kazi yake kwenye magonjwa ya majani na buni, ila kwa huu ni kumwaga hela. Ukungu uko ndani ya mirija inayopandisha maji, na dawa ya kupuliza haiufikii.

Ukungu huo unaitwa Fusarium xylarioides. Ulionekana kwanza mwaka 1927 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati, ukiua kahawa ya aina ya excelsa. Miaka iliyofuata uliharibu mashamba ya Afrika Magharibi na Kati hadi watu wakang'oa na kuchoma mashamba kwa wingi na kupanda robusta zilizochaguliwa kwa ukinzani. Ikadhaniwa yamekwisha. Katika miaka ya 1970 ukaibuka tena Kongo, mwaka 1993 ukathibitishwa Uganda, na mwaka 1997 ukawa Kagera. Safari hii uliishambulia robusta yenyewe. Uganda ilipoteza karibu nusu ya miti yake ya robusta katika miaka kumi hivi. Ethiopia nako kuna aina yake inayoua arabika, na hiyo haiigusi robusta, kama hii yetu isivyoigusa arabika.

Ukungu mmoja unapataje kubadilika kiasi hicho? Jibu limeanza kupatikana, na linamhusu mkulima moja kwa moja.

Watafiti wa Uingereza walifufua sampuli 13 za ukungu huu zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye baridi kali, zilizokusanywa kwa muda wa miongo sita, wakasoma vinasaba vyake. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2024. Walikuta vipande vikubwa vya vinasaba ambavyo havikurithiwa kutoka kwa wazazi wa ukungu huo. Vinafanana mno na vya ukungu mwingine, Fusarium oxysporum, ule ambao aina zake huleta mnyauko wa Panama kwenye migomba na mnyauko wa nyanya. Baadhi ya jeni (vinasaba) zilizomo ndizo zinazousaidia ukungu kuushambulia mmea. Inaelekea zilihama zikiwa zimebebwa ndani ya vipande vikubwa vya vinasaba vyenye uwezo wa kujing'oa mahali pamoja na kujipachika pengine.

Mtu akisikia hivi anaweza kusema ni mambo ya maabara. Lakini kuvu, yaani ukungu wa kila aina, zimeumbwa kwa nyuzi, na nyuzi za kuvu mbili zikigusana huweza kuungana na kuchanganya vilivyomo. Mwaka 2010 wanasayansi walionyesha kwamba aina ya oxysporum isiyo na madhara, ikikuzwa pamoja na ile inayoua nyanya, inaweza kupokea kromosomu nzima, yaani fungu zima la jeni, na yenyewe ikaanza kuambukiza nyanya. Kwenye ngano nako, jeni ya sumu iitwayo ToxA ilihama kutoka kuvu moja kwenda nyingine, na ugonjwa wa majani uliokuwa mdogo ukawa tishio. Mtoto wa ukungu, basi, hategemei baba na mama tu.

Sasa rudi kibanjani. Mbuni uliokufa ukiachwa umesimama, chini yake pana migomba inayooza, mashina ya nyanya za msimu uliopita na mizizi ya kila aina. Oxysporum huishi kwenye udongo na mizizi ya mimea zaidi ya mia, na mara nyingi haidhuru kitu. Hapo ndipo kuvu hukutana. Hakuna aliyewahi kuziona jeni zikihama katika kibanja cha Bukoba au Muleba, na simshauri mtu ang'oe migomba yake mizima kwa hofu. Migomba ni chakula na ni kivuli cha kahawa. Ila mti uliokufa, uwe mbuni au mgomba, usiufuge.

Mbuni mgonjwa ung'oe pamoja na mizizi na uuchome palepale ulipo. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu mbuni mkavu ni kuni nzuri. Kuburuta kuni hizo hadi jikoni, au kumuuzia jirani, ni kusambaza mbegu za ukungu njia nzima. Maganda ya kahawa kutoka eneo lenye ugonjwa nayo usiyatumie kama matandazo. Kagua miti inayozunguka kila wiki. Shimo liache wazi bila kupanda kahawa kwa miezi 6 au zaidi, na wakati huo panda maharage au mahindi.

Ukungu huingia kwa jeraha. Palizi ya jembe karibu na shina ndiyo mkaribishaji mkubwa, kwa hiyo eneo la shina ng'olea magugu kwa mkono au fyeka, kisha weka matandazo bila kuyagusisha na shina. Panga, msumeno na mkasi wa kupogolea vipitishe kwenye moto au uvifute kwa jiki iliyochanganywa na maji kabla ya kuhamia mti mwingine, halafu suuza maana jiki hula chuma. Kibarua anayetoka shamba la mwenzako na panga lake ni wa kuangaliwa zaidi kuliko mbuzi.

Kwa migomba, tofautisha magonjwa. Ukikata shina la mgomba likatoa usaha wa manjano, na ndizi zinaiva mapema huku zimeoza ndani, huo ni unyanjano, nao huletwa na bakteria. Panama huanza na majani ya zamani kuwa njano na kuning'inia kama sketi, na ukikata shina unakuta nyuzi za rangi ya kahawia au nyekundu. Kisukari, Bogoya na Kayinja ndizo huugua zaidi, ndizi zetu za kupika kwa kawaida husalimika. Ukiwa na shina la Kisukari lenye Panama katikati ya robusta, litoe, na usipande Kisukari nyingine hapo.

Unapopanda upya, tumia miche ya vikonyo (vipande vilivyokatwa kwenye mti mama) ya aina kinzani. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, wana Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Uganda wana zile za KR. Usichukue aina moja tu kwa sababu jirani kaisifu. Robusta haijichavushi, hivyo shamba la kikonyo kimoja huzaa kidogo hata likiwa na afya. Zaidi ya hapo, ukungu unaoweza kupokea jeni mpya unaweza siku moja kuuvunja ukinzani wa aina moja, na hapo shamba lote huenda pamoja. Changanya tatu au nne, kwa mistari.

Na kama unaotesha mwenyewe, udongo wa kitalu uchote mahali pasipowahi kuwa na kahawa.