Lami ya mtaani: piga hesabu kwa tani, sio kwa kyubiki

Majirani tulichanga hela tuweke lami kwenye njia yetu hapa Dar, urefu mita 80, upana mita 4. Fundi akapiga hesabu kama anavyopigia mchanga, 80 mara 4 mara unene wa sentimita 5, akapata kyubiki (mita za ujazo) 16, akaagiza hizo hizo 16, na lami ikakata kama mita 16 kabla ya geti la mwisho. Mama wa hilo geti alichanga sawa na wengine. Iliniuma sana.

Shida ni kwamba zile sentimita 5 ni za lami ikishashindiliwa. Ikiwa kwenye tipa bado ina hewa, ukitaka 5 zibaki baada ya rola kupita lazima uimwage sita na kitu. Uzito ndo haubadiliki, kwa hiyo hesabu yako iwe ya tani.

Kumbuka namba moja tu: mita moja ya mraba, kwa kila sentimita ya unene ulioshindiliwa, inakula kama kilo 24. Unene wa 5 ni kilo 120. Njia yetu ni mita za mraba 320, mara 120 unapata kilo 38,400, yaani tani 38.4, ongeza asilimia 5 ya kupotea kwenye kingo na kwenye tipa, inafika tani 40 na kidogo. Na usisahau pale njia inapopanuka kuingia barabara kubwa, kona ya mviringo yenye nusu kipenyo cha mita 3 inaongeza karibu mita 2 za mraba, na kona ziko mbili.

Upana usipime sehemu moja ukaridhika, njia za mitaani hazijanyooka, pima kila baada ya mita 10 halafu tafuta wastani.

Sasa hapa ndo hela nyingi zinapotelea jamani, msingi. Moramu, ule udongo wa changarawe unaoshindiliwa chini ya lami, ikiwa na mabonde, lami ndo inayaziba. Wastani wa sentimita moja tu ya ziada kwenye njia kama yetu ni kilo 7,680, karibu tani 8 ambazo hukuzipigia hesabu na ni ghali mara kadhaa kuliko moramu! Kwa hiyo kabla hujaagiza chochote vuta kamba toka ukingo hadi ukingo, pima kwa rula kamba ilivyoachana na ardhi, palipozama jaza moramu, mwagia maji, shindilia, pima tena.

Ile lami ya maji inayopigwa juu ya moramu kwanza inahesabiwa peke yake, kadiria lita moja kwa mita ya mraba, sisi tungehitaji lita 320, zaidi kidogo ya pipa moja na nusu la lita 200.

Agiza yote ije siku moja, maana lami ikija moto na ya jana ishapoa, ule mshono ndo maji yanapoingilia, sisi tulivyoongezea mwisho pale ndo palianza kumeguka. Kila tipa ikifika omba karatasi ya mizani kabla haijamwaga, uzito wa gari likiwa na mzigo toa wa gari tupu, andika, jumlisha mwenyewe.