Namna ya Kufunga na Kutunza Vigunduzi vya Amonia katika Kiwanda cha Samaki au Barafu

Wapo mafundi wa mitambo ya ubaridi wanaoshikilia kwamba amonia haihitaji kigunduzi, kwa kuwa harufu yake kali huitangaza mapema. Ni kweli kwamba pua huinusa ikiwa bado kidogo sana hewani. Lakini pua huzoea harufu, haiwezi kuwasha feni, na usiku wa manane haimo ndani ya chumba cha kompresa. Kwa sababu hiyo, kiwanda kinachogandisha samaki au kutengeneza barafu kwa amonia hakina budi kuwa na vigunduzi vya kudumu, yaani vilivyofungwa mahali pamoja na kuunganishwa na king'ora, vinavyopima hewa mchana na usiku.

Kabla ya kununua chochote, zunguka kiwanda ukiwa na mchoro wa mabomba, utie alama kila mahali ambapo gesi inaweza kuvuja: kwenye sili za kompresa na pampu, valvu, viungio vya mabomba, tangi la amonia iliyo kimiminika na vipoza hewa vilivyomo ndani ya vyumba vya baridi. Kisha fikiria gesi hiyo itaelekea wapi. Amonia ina uzito wa takriban sehemu 6 kati ya 10 za uzito wa hewa, hivyo hupanda, na kigunduzi kimoja kinapaswa kuwa karibu na dari juu ya kompresa. Hata hivyo, amonia iliyo kimiminika huchemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, na inapochuruzika kwa kasi hutoa ukungu baridi unaotambaa sakafuni kwanza. Kwa hiyo karibu na tangi na pampu funga kingine chini zaidi ya hicho cha dari, katika kimo ambacho mtu huvutia pumzi. Usikiweke kwenye mkondo wa hewa safi inayoingia, kwa maana kitaendelea kusoma sifuri hata chumba kikiwa kimejaa gesi. Katika kumbi zinazooshwa kwa mpira wa maji, kila sensa, yaani sehemu ya kigunduzi inayonusa gesi, iwekewe kinga ya matone.

Aina ya sensa hufuata hatari unayoipima. Kulinda mapafu ya watu kunahitaji sensa ya kemikali ya umeme inayosoma kwa ppm, yaani sehemu za gesi kwa kila sehemu milioni za hewa, ilhali hatari ya mlipuko, ambayo huanza amonia inapofikia takriban asilimia 15 ya hewa, hupimwa kwa sensa ya kichocheo. Sensa hii ya pili huharibiwa na mvuke wa silikoni, hivyo mafundi wasipulizie mafuta yenye silikoni karibu nayo.

Kuhusu viwango vya king'ora, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inapendekeza wastani usiozidi ppm 25 kwa siku ya kazi na ppm 35 kwa dakika 15, na inahesabu ppm 300 kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kwa maoni yangu, ppm 25 ziamshe taa na kengele ya kwanza, na ppm 150 ziwashe feni zote za kutolea hewa na kuamuru watu watoke. Taa, kengele na onyesho la vipimo viwepo pia nje ya mlango, ili anayetaka kuingia ajue kilichomo kabla ya kugusa kitasa. Hili hupuuzwa mno, na mara nyingi mwenye kuumia huwa ni yule aliyeingia kuokoa wenzake. Mfumo uwe na betri, kwa sababu umeme ukikatika amonia haiachi kuvuja.

Taa ya kijani huthibitisha kwamba kifaa kina umeme, haithibitishi kwamba kinanusa. Njia pekee ya kuwa na hakika ni kukipulizia amonia ya majaribio yenye kiwango kinachojulikana, kutoka kwenye mtungi ambao muda wake haujapita, na kuangalia kama kinasoma kiwango hicho, king'ora kinalia na feni inazunguka. Fanya hivyo kwa ratiba ya mtengenezaji, uandike daftarini tarehe na vipimo vilivyosomwa, kwa kuwa mkaguzi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, atataka kuviona. Sensa ya kemikali huchakaa hata ikikaa bure, nyingi zikidumu miaka miwili au zaidi kidogo. Na iliyowahi kumezwa na uvujaji mkubwa ipimwe upya siku ileile, au ibadilishwe kabla ya zamu inayofuata kuingia.