SOMO: Jinsi ya kuchuja kunde zinazovumilia ukame kwa sanduku la mbao

Wakuu habari, kuna watu wanauliza sana watafiti wanajuaje kwamba mbegu hii inavumilia ukame bila kusubiri mvua igome. Leo naweka njia ya kunde, waliitoa watafiti wa IITA (taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto) kule Kano, Nigeria, miaka ya 90, haitaki mashine yoyote ya maana.

Elewa hili kwanza. Ukipanda kila aina kwenye chungu chake utadanganyika, maana yenye majani mengi inamaliza maji yake haraka inakauka, ile yenye majani machache inabaki kijani unaisifia bure kumbe inatumia maji kidogo tu. Kwenye sanduku zote zinagombea maji yaleyale. Halafu sanduku lina kina kifupi makusudi, mizizi haina pa kukimbilia, kwa hiyo unachoona ni uvumilivu wa shina na majani wala si urefu wa mzizi.

HATUA 1: Tengeneza sanduku, sentimita 130 kwa 65 linatosha, kina 15. Tandika nailoni ndani, jaza udongo wa juu na mchanga nusu kwa nusu, acha nafasi kidogo ya kumwagilia. Liwe sawasawa jamani, likiinama maji yanakaa upande mmoja na data zako kwisha.

HATUA 2: Weka grinihausi au chini ya paa la nailoni angavu. Mvua moja ya usiku inafuta kazi yote.

HATUA 3: Panda kila aina mstari wake, mbegu mbili kila shimo baadae ubakize mche mmoja, mpangilio wa mistari piga kura usipange kwa kupenda. Rudia masanduku matatu au zaidi. Lazima uwe na za kulinganishia, wenzetu wa IITA walitumia aina ya kunde yenye namba TVu 7778 inayokufa mapema na nyingine iitwayo Danila inayovumilia, weka na zilizozoeleka huku kwetu Tanzania kama Vuli-1 au Fahari.

HATUA 4: Mwagilia kipimo sawa mpaka litoke jani la kwanza lenye vipande vitatu, hapo kata maji kabisa.

HATUA 5: Kila siku hesabu miche iliyokauka kwa kila aina, andika. Hapa ndo patamu, maana zinazovumilia zina tabia mbili tofauti. Kuna zinazosimamisha ukuaji zikanyamaza mmea mzima, mfano TVu 11986, na kuna kama Danila zinazotoa kafara majani ya chini, zinahamisha unyevu kwenda juu ili ncha iendelee kuishi. Usiandike "imenyauka" tu, andika imeanza kukaukia wapi.

HATUA 6: Zile dhaifu zikishakufa zote mwagilia tena, hesabu zilizofufuka.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Mwalimu, kati ya tabia hizo mbili ipi bora?
Jibu: Ya pili, ncha ikiwa hai mche unarudi haraka mvua ikinyesha.

Mdau: Grinihausi yangu saa nane mchana ni tanuri, si nitakuwa napima joto badala ya ukame?
Jibu: Kabisa mkuu. Fungua pande, ning'iniza themomita, rekodi kila siku. Joto lina jaribio lake, na kwenye kunde balaa ni joto la usiku wakati wa maua, chavua inaharibika maua yanapukutika, hiyo ilichunguzwa sana chuo cha California kule Riverside. Kwenye miche huioni.

Mdau: Ikishinda kwenye sanduku nimpe mkulima?
Jibu: Hapana ndugu yangu! Sanduku halijui mavuno, halijui mizizi, halijui vidukari. Kazi yake ni kupunguza mzigo, IITA peke yao wana sampuli za kunde zaidi ya 15,000 ghalani, utazipeleka zote shambani? Chuja kwanza, zilizobaki ndo ziende Dodoma zikapambane.

Mdau: Na mahindi je?
Jibu: Mahindi ukame unaouma ni wa wakati wa maua, mbelewele inamwaga chavua ndevu bado hazijatoka, gunzi linabaki mapengo. Ndo maana CIMMYT (kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano) na KALRO (shirika la utafiti wa kilimo la Kenya) pale Kiboko, Kenya, wanapanda kiangazi kwa umwagiliaji halafu wanakata maji karibu na maua, wanahesabu siku kati ya mbelewele na ndevu. Zikiwa chache ndo mbegu yenyewe hiyo.